Rangi Ileile ya Asali

Karakana ya boti,
Jumatatu, 3 Februari

Kwako Mama Mwenye Boti,

Shikamoo Mama. Barua yako ya taipu imefika salama, ila karakana nzima waliizunguka kabla sijaifungua, maana hapa kwetu barua ya taipu huja kwa kazi moja tu, kumfukuza mtu. Nilipowaambia kuna mama anataka nimfufulie mbao za boti yake, wakatawanyika wamenuna.

Umeuliza mimi ni nani. Yule dereva wa lori aliyekupa sifa zangu amekupunja, hajui hata nusu. Mimi ndiye niliyetengeneza ngazi za meli moja kubwa, nzuri mpaka nahodha akawa anapanda na kushuka bila kazi. Meli nilizolala ndani yake ukizipanga foleni utavuka bahari kwa miguu. Darasa la saba sikulimaliza, tuliachana kwa amani, lakini mbao zinanijua. Nikiingia karakana asubuhi misumari inasimama.

Sasa tuje kwenye boti yako. Imekaa juu ya magogo pembeni ya ukuta, imefunikwa turubai lenye matundu kama chujio. Msaji wote wa juu, yaani sakafu, reli, ngazi na kiti cha nyuma, umekuwa wa kijivu kama nywele za babu yangu, na babu yangu alikuwa hachani. Wenzangu wakasema, "Fundi, hii ni kuni." Nilichovya kitambaa kwenye ndoo nikafuta mahali padogo, kama kiganja. Kisha nikachukua msasa laini nikapitisha mara chache.

Mama! Ilikuwa kama mtu amewasha taa ndani ya ubao. Chini ya lile jivu kumelala rangi ya asali, ina mistari myeusi inayokwenda kama maji, na ilikuwa inanitazama. Nikanyamaza. Na mimi kunyamaza, waulize watu, wenzangu walikuja kunishika paji la uso.

Wengine mti huu huuita mtiki. Una mafuta yake mwenyewe ndani, ndiyo maana jua na chumvi vimeunguza ngozi tu, nyama haijaguswa. Wenye pupa huusugua kwa kufuata nyuzi, wanatoa sehemu laini na kubakiza mifupa, sakafu inakuwa kama mbavu za punda. Mimi nasugua kwa kukatiza nyuzi, kwa brashi laini, polepole, kama ninamwogesha mtoto wa mkubwa wa wilaya.

Jambo la mwisho. Kila kazi yangu huwa naichonga jina langu, herufi kubwa, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kulisoma. Hilo ni bure.

Ni mimi,
Mkono wa Dhahabu


Nyumbani,
Jumamosi, 8 Februari

Fundi,

Marahaba. Kazi anza. Boti iwe tayari kabla ya Jumapili ya mwisho ya Machi, siku hiyo wanangu watakuja kuikagua na sitaki kisingizio.

Umesema mbao ni za kijivu. Kijivu kabisa, au pembeni pembeni? Nijibu hilo. Uniambie pia mbao ina harufu gani ukiipiga msasa, na ukipita juu yake pekupeku inakuwaje. Rangi utanieleza baadaye, najua una mengi ya kusema kuhusu rangi.

Simu usinipigie. Nimekaa kwenye mtambo wa simu wa ofisi moja tangu ujana wangu mpaka kustaafu, nikiwaunganisha watu waliokuwa wanatukanana. Inatosha.

Jina lako usilichonge kwenye boti yangu. Hata kwa herufi ndogo.

Mwenye Boti


Nyumbani,
Jumapili, 9 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini wewe na shemeji hamjambo. Makosa ya taipu yavumilie, vidole vimezeeka.

Fundi wa boti amepatikana. Jirani yangu muuza duka ndiye anayenisomea barua zake, na anacheka mpaka anapoteza mstari. Ni mtu wa majigambo, lakini anaipenda mbao, hilo limesikika. Sijamwambia kwamba sioni. Unamkumbuka yule fundi wa paa? Alipojua tu, akaanza kunipigia kelele kana kwamba yaliyokufa ni masikio, kisha akanipigilia mabati chakavu akaapa ni mapya. Huyu acha ayaogope macho yangu.

Watoto wamekubali, kwa shingo upande. Kifungua mimba wangu anasema mjane asiyeona hawezi kukaa kwenye boti, iuzwe, nihamie kwake, na chumba ameshakipaka rangi. Rangi! Nikamwambia: Jumapili hiyo nyote mtasimama chini. Nitapanda peke yangu, nitatembea kutoka mbele mpaka nyuma, nitaingia chumbani, nitachemsha chai na kuitoa nje bila kuimwaga. Mtu akinishika mkono hata mara moja, uzeni. Akasema, "Sawa Mama," kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kushinda.

Lakini mimi nina mikato yangu. Wewe unaijua. Macho yalipoanza kufifia, marehemu alinikatia alama kwenye reli kwa patasi, moja moja, kila nilipopoteza kitu kingine. Mkato mmoja, kuna ngazi. Miwili, mlango wa injini uko miguuni pangu. Mitatu, geuka uingie chumbani. Nikiwa na reli ile mkononi, ninyi ndio mnaohitaji kushikwa mkono.

Ila kuna jambo limenikaa kooni tangu barua ya fundi isomwe. Anasema mbao ni za kijivu. Mdogo wangu, mara ya mwisho mimi kuiona boti ilikuwa ya asali. Kila mwaka tukishuka nilikuwa namuuliza shemeji yako, "Rangi ikoje?" naye ananijibu palepale, "Ileile, ya asali." Kila mwaka. Mpaka mwaka aliokufa. Sijui nicheke au nimkasirikie, na hayupo wa kumkasirikia.

Dada yako


Karakana,
Jumatano, 12 Machi

Kwako Mama Mwenye Boti,

Shikamoo tena. Nimechelewa kujibu kwa sababu mikono ilikuwa kazini, na hii mikono ikiwa kazini hata mimi mwenyewe siruhusiwi kuisumbua.

Umeuliza kijivu kabisa? Kabisa, Mama. Ukitaka niseme kilivyoanza, mbao kama hii haigeuki kwa mwaka mmoja, imeanza zamani sana. Lakini hayo yamepita. Harufu: nikipiga msasa inatoka harufu ya ngozi mpya ya kiatu, na nyuma yake kitu kama pilipili manta iliyosahauliwa kabatini. Mama Watoto ananinusa nikirudi na kuuliza nimepitia duka la viatu la nani. Pekupeku: nilivua viatu kwa ajili yako, karakana ikalalamika, si kwa sababu ya sakafu. Ni laini na ina joto, haichomi, haitelezi. Inakupokea mguu.

Sakafu imekwisha. Ile mipira myeusi iliyopita kati ya ubao na ubao nimeing'oa yote, nimefuta mifereji kwa spiriti ili mafuta ya mbao yasiikatae gundi, nimetia mipya. Ngazi zimekwisha. Kiti cha nyuma kinang'aa mpaka nzi wanakizunguka bila kutua, wanaona haya. Siku ukija, Mama, nitakuomba ufumbe macho kuanzia getini, nikushike mkono mpaka kwenye boti, ndipo nikuambie fumbua. Ukianguka kwa mshangao mimi nitakudaka.

Sasa sikia hili, ndilo litakalokumaliza. Ile reli yako ilikuwa imejeruhiwa. Sijui ni nani, labda mlevi mwenye panga, labda mtoto asiyechapwa, alikuwa ameikatakata hapa na pale, mkato mmoja huku, miwili kule. Fundi mwingine angeipita. Mimi? Nilichukua unga wa msaji uleule, nikauchekecha kwa soksi ya Mama Watoto (hajui bado), nikauchanganya na gundi, nikajaza kila kidonda. Ulipokauka nikapiga msasa, kisha nikachora nyuzi za mbao juu yake kwa sindano, unywele kwa unywele, zikaungana na nyuzi za pembeni. Nikapaka mafuta. Nimewaita mafundi wote wa hapa, nikawaambia atakayeonyesha palipokuwa na mkato nitamnunulia soda mwaka mzima. Hakuna aliyekunywa.

Pitisha jicho lako lilivyo kali, hutaona kitu.

Ni mimi,
Daktari wa Mbao


Nyumbani,
Jumamosi, 15 Machi

Fundi,

Jirani yangu alipofika kwenye reli alikuwa bado anacheka. Nilimwambia asome tena pale. Akasoma, na yeye akaacha kucheka.

Mimi sioni. Sijaona tangu wanangu wakiwa shuleni. Barua zako ninasomewa. Mikato ile si vidonda, aliikata mume wangu ili niweze kutembea kwenye boti yangu bila kuongozwa. Ile miwili, juu ya mlango wa injini, ndiyo inayonizuia kutumbukia. Wanangu wakija watanitazama nikitembea, nikishindwa boti inauzwa. Nimekwisha kubaliana nao na sirudi nyuma.

Sikukuambia kwa sababu nimechoka kudanganywa na mafundi wakishajua. Kwa hiyo kosa si lako peke yako, nusu ni langu. Hiyo nusu yangu nimeibeba tangu asubuhi na haishikiki.

Irudishe. Usinijibu kwa utani.

Mwenye Boti


Karakana,
Jumanne, 18 Machi

Mama,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimeisoma nimekaa.

Sina utani. Nimeutafuta nijifiche nyuma yake, sikuupata.

Jana na leo nimeitafuta mikato. Nimemwagia reli maji, maana mbao ikilowa husema siri zake. Haikusema. Nimemulika kwa tochi kutoka ubavuni. Nimevaa miwani ya fundi saa, yule wa kona, nikainama mpaka shingo imekataa kurudi. Mmoja nadhani nimeuona, kisha nikapepesa, ukapotea. Nimewaita walewale niliowatambia soda, tukajipanga kwenye reli kama watu wanaotafuta pete mchangani. Hakuna. Maisha yangu yote naomba nifanye kazi ambayo jicho haliwezi kuikuta kasoro, sasa nimeifanya, na nimekaa chini yake kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake na ufunguo uko mezani.

Mlango wa injini ninaujua ulipo, na ngazi, na chumba. Ninaweza kukata mikato mipya kwa makisio nipate karibu sana. Nikubalie nifanye hivyo. Patasi nimeinoa, lakini nimeogopa kuigusa reli bila neno lako.

Fundi


Nyumbani,
Alhamisi, 20 Machi

Fundi,

Usikate. Karibu sana haitoshi. Mkato ukikosea kwa upana wa kiganja, mguu wangu unaukosea mlango, na hakuna atakayeniuliza chai iko wapi.

Nakuja mwenyewe Jumatatu kwa basi la asubuhi. Jirani atanifikisha getini. Uniwekee ngazi, na uwaombe wenzako wazime mashine.

Mwenye Boti


Karakana,
Jumanne, 25 Machi

Mama,

Shikamoo. Uliondoka jana mchana, na mpaka leo hii sijashika kazi ya maana. Nimekwenda kwenye boti, nimerudi. Mama Watoto ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia hapana, nimeona kitu. Akasema, "Basi kisimulie, wewe si ndiyo kazi yako?" Nikashindwa. Kwa hiyo nakusimulia wewe, kwa sababu ulikuwepo lakini hukujiona, na si haki mtu afanye jambo kama lile halafu awe peke yake asiyeliona.

Ulivua viatu chini ya ngazi. Nikakunyooshea mkono, ukaujua, sijui kwa upepo wake, ukasema, "Mkono wako tia mfukoni." Nikatia yote miwili. Ukapanda. Ukasimama juu ya sakafu, vidole vya miguu ukavitandaza, ukavuta pumzi mpaka mwisho, ukasema, "Kweli, pilipili manta." Hapo ndipo wenzangu walipoacha kujikohoza.

Halafu ukaishika reli. Nilidhani utapapasa. Hukupapasa. Ulivua pete ukaibana kwenye ncha za vidole, ukaanza kutembea ukigonga reli kwa pete, taratibu, umeinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza simu yenye mikwaruzo. Ti. Ti. Ti. Ti. Karakana nzima kimya, mpaka mbwa wa mlinzi alikaa. Ti. Ti. Kisha ukarudi nyuma kidogo. Ukagonga tena. "Hapa," ukasema. "Hapa imeziba."

Mama, nilitega sikio mpaka likagusa reli. Sikusikia tofauti yoyote. Lakini nilitia patasi ndogo pale kwenye ukucha wako, na ule unga wangu, ule wa soksi, ule wa sifa zote zile, ukatoka mzima kama kipande cha biskuti. Na chini yake mkato ukiwa haujaguswa, kuta zake bado za kijivu cha zamani, na alama ya patasi ya mzee ikionekana, patasi yenye pengo upande mmoja. Ukatia kidole ndani. Nilitegemea useme "mkato huu hapa." Ulisema, "Huyu hapa."

Nikageuka nikatazama ukuta. Ukuta wetu hauna kitu cha kutazama, lakini niliutazama.

Ya mlango wa injini ndiyo iliyonitoa jasho. Uligonga ukapita, ukarudi, ukapita. Nikaona midomo yako imekauka. Kisha ukaacha reli, ukapiga sakafu kwa kisigino, ukasikia chini panavyoitikia, ukasogea nusu hatua, ukarudisha mkono kwenye reli, ti, ti. "Hapa na hapa." Na ilikuwa hapo na hapo. Mimi niliyeijaza kwa mikono yangu nilikuwa ninabisha moyoni kwamba ni mbele zaidi! Ungenikubalia nikate kwa makisio, leo ningekuwa nimekuandikia barua nyingine kabisa, au nisingeiandika.

Ulipoondoka nikawaambia wenzangu, mimi nitatembea boti hii nimefumba macho. Nimejigonga paji la uso kwenye mlango wa chumba mpaka sauti ikasikika mtaani. Wamecheka mpaka wengine wakakaa chini, na mimi nimecheka. Lakini nilirudia, mpaka nikaanza kuisikia: juu ya injini boti inaongea kwa kifua, mbele inaongea kwa pua. Msaji huu nimeushika maisha yangu yote, Mama, na kumbe nilikuwa naushika kwa macho.

Mikato yote nimeisafisha kwa mswaki. Kijivu cha ndani yake sikukigusa. Nimeona hakinihusu.

Jumapili sitakuja, nisije nikadhaniwa nimekunong'oneza. Lakini ujue nitakuwa nyumbani sili.

Fundi


Nyumbani,
Jumatatu, 31 Machi

Fundi wangu,

Ule sasa.

Walikuja wote watatu na gari la kifungua mimba. Alipanda kwanza yeye, eti aikague injini, kisha akashuka akasema, "Haya Mama, tunakutazama." Nilivua viatu. Nilimsikia kitinda mimba wangu anaanza kulia kabla sijafanya lolote. Nikamwambia, "Lia baadaye, sasa utanichanganya masikio."

Reli ilikuwa laini mpaka nikaona aibu kuishika na mikono yangu hii. Nikapita mkato wa ngazi. Nikatembea. Nikafika kwenye miwili, nikasimama kama ninavyosimama siku zote, nikatanguliza mguu kugusa mfuniko kabla ya kuukanyaga.

Mfuniko haukuwepo, Fundi. Mwanangu alikuwa ameuacha mlango wa injini wazi.

Wote watatu walikuwa wanaona na hakuna aliyetoa sauti. Baadaye walisema waliogopa sauti ingenishtua nikatumbukia. Mimi nilisikia tu hewa ya mafuta inanipanda mguuni. Nikainama, nikapapasa, nikaukuta mfuniko pembeni, nikaufunga, nikaupigapiga. Nikasema, "Nani ameacha mlango wazi? Hamkufundishwa nyumbani?" Huko chini nikasikia mtu mzima, baba wa watoto, anasema, "Samahani, Mama," kwa sauti aliyokuwa nayo siku alipovunja dirisha la mwalimu.

Mitatu, nikageuka, nikaingia. Chai nikachemsha. Nikaitoa kwenye sinia, vikombe vinne, vyao vitatu nikateremsha kimoja kimoja kwa kamba ya ndoo. Kifungua mimba akanywa. Nikamsubiri. Akasema, "Sukari imezidi." Ndivyo yeye anavyosalimu amri, ni kama baba yake.

Kisha kitinda mimba akapanda, akakaa karibu yangu kwenye kiti cha nyuma, akawa ananishika goti. Akasema, "Mama, laiti ungeona. Mbao zote ni rangi ya asali."

Nikasema, "Najua. Baba yenu aliniambia."

Kaka yake, kifungua mimba, alikuwa amesimama chini pale. Yeye alikuwa akija na baba yake kila mwaka kuivuta boti nchi kavu, rangi ya boti anaijua. Nilimsikia anafungua mdomo. Kisha akaufunga. Nadhani huko alikokuwa amesimama ameelewa jambo kuhusu baba yake, na nimemwachia akae nalo.

Miaka yote hiyo marehemu alinidanganya kwa mapenzi, na wewe umekuja kumtoa kwenye uongo akiwa kaburini. Kazi hiyo hatukupatana. Sijui hata inaitwaje.

Wameondoka. Boti haiuzwi, na chumba kilichopakwa rangi akakae mama mkwe wake. Nimebaki peke yangu kwenye kiti nikapitisha mkono chini ya ukingo wake, pale ambapo vidole hufika vyenyewe mtu akishakaa vizuri. Kuna kishimo pale. Cha kidole gumba, laini kama ndani ya kijiko. Si cha mume wangu, yeye patasi yake ilikuwa na pengo. Nilikukataza jina, na kweli jina sikulikuta. Kwa hiyo sina cha kukushtaki. Kidole gumba nimekiweka humo mpaka chai ikapoa.

Jumamosi wiki ijayo boti inaingia majini. Wewe uliyelala kwenye meli nyingi kiasi hicho, uje uwe wa kwanza kupanda.

Mama yako wa boti


Karakana,
Alhamisi, 3 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo sana.

Barua yako nimemsomea Mama Watoto. Nilipofika kwenye mfuniko wa injini akanishika mkono, nilipofika kwenye asali akaninyang'anya barua akamaliza mwenyewe, kwa sababu msomaji alikuwa ameingiwa na vumbi la msaji machoni. Amejua pia habari ya soksi. Tumesameheana.

Watu wengi wamelisoma jina langu, Mama, kwenye milango, kwenye ngazi, hata kwenye choo cha meli moja ya kifahari. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuliwekea kidole mpaka chai ikapoa. Nimewaambia wenzangu hivyo, na ujue nimewaambia mara nyingi.

Jumamosi hiyo nitakuja. Nitavaa shati jeupe. Ila kabla sijaja kuna jambo dogo kuhusu zile meli. Ni kweli nimelala kwenye meli nyingi, lakini zote zilikuwa zimefungwa kamba gatini, nami nikipiga msasa. Majini sijawahi kwenda. Kuogelea sijui. Hata mawimbi ya kwenye ndoo nayatazama kwa adabu.

Kwa hiyo siku hiyo ukinisikia nimenyamaza, ujue si maajabu ya mbao, ni woga. Usiwaambie wenzangu. Unipe tu mkono, Mama, njia unaijua.

Fundi